Mdomo Niliouazima kwa Mwaitu

Nyinyi vijana mkija kunisalimia huwa mnaniuliza jambo moja tu: nilifanya nini mpaka soko zima likageuza shingo kwa pamoja. Mnauliza mkicheka, simu mkononi, kwa sababu siku hizi watangazaji ni nyinyi. Mnauza mafuta ya nywele na viatu mkiwa mmekaa kitandani, na watu wananunua. Haya, nitawaandikia. Lakini ujanja wa ile kazi siwezi kuutoa peke yake. Umeshikamana na jambo ambalo nikilikumbuka, hata nikiwa peke yangu shambani, nainamisha kichwa. Mtapokea yote mawili.

Mimi niliishia darasa la nane. Sauti ndiyo niliyokuwa nayo. Nikichunga mbuzi nilikuwa nikiwasomea taarifa ya habari, na ndoto yangu ilikuwa siku moja redio iwashwe katika kila boma la Ukambani na mimi niwe ndani yake. Mbuzi wengi walikuwa wakiondoka nikifika kwenye michezo. Mmoja mweupe alikuwa akisikiliza mpaka hali ya hewa. Nilimpenda sana yule.

Basi katikati ya miaka ya tisini nikapata kazi mjini Machakos, kwenye gari la matangazo. Ilikuwa pikapu ya zamani yenye spika mbili juu, zimefungwa kwa waya, na jenereta ndogo nyuma ambayo ilikuwa ikikohoa katikati ya sentensi. Tulikwenda soko hadi soko, leo Mwala, kesho Masii, kesho kutwa Kivaa, tukitangaza chochote tulicholipwa kutangaza.

Mwenye gari alikuwa Bwana Hamisi. Familia yake ilitoka pwani zamani sana ikafungua duka la nguo karibu na msikiti, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Changu kilikuwa na mawe. Nilipojaribu kumwiga, alinikatiza.

"Bwana mdogo, usiseme kama mimi. Mimi wakinisikia wanasema, huyo amekuja kutuuzia. Wewe wakikusikia wanasema, huyo ni mtoto wetu. Hayo mawe yako ndiyo mtaji."

Niliona ni sifa. Sikuelewa kwamba ameshaniambia kazi yangu itakuwa ipi.

Siku yangu ya kwanza kuachiwa maiki peke yangu ilikuwa Mwala, mwezi wa Septemba, jua limekausha mpaka mate. Nilikuwa natangaza sabuni ya unga. Nilijiandaa vizuri. "Sabuni yenye povu kuliko zote! Povu mpaka kwenye viwiko!" Mama mmoja alikuwa anapita na punda aliyebeba mitungi. Alikuwa ametoka kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, na magoti yake bado yalikuwa na mchanga. Akasimama mbele ya gari.

"Kijana."

"Ndiyo, mama."

"Hilo povu litasuuzwa na nini? Na mate yako?"

Soko likacheka mpaka muuza ndizi akaketi chini. Niliporudi Machakos nilidhani nimefutwa kazi. Bwana Hamisi alinipa chai akaniuliza nimeuza nini. Nikasema sabuni.

"Hapana. Umeuza maji, na maji hukuwa nayo. Sikiliza. Sabuni haiuzwi. Inauzwa ile aibu ya mama ambaye mwalimu amemrudisha mwanawe nyumbani kwa sababu ya kola chafu. Mpe kwanza hiyo aibu aishike. Halafu mwonyeshe sabuni."

Juma lililofuata nikarudi Mwala, jua lilelile, mto mkavu uleule. Sikutaja povu. Niliuliza kwa upole, "Mama, mwalimu akimtazama mtoto wako kola, anaona nini?" Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, vijana. Ukiuliza swali kama hilo usijibu, mwache mtu alijibu mwenyewe ndani ya tumbo lake. Paketi ziliisha kabla ya saa sita. Hata yule mama wa punda alinunua moja, na maji ya kufulia hakuwa nayo. Nilirudi mjini naimba.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mengine nitawatajia kama yanavyonijia. Anza na muziki, uuzime ghafla, watu watatazama juu kuona kumetokea nini. Uliza maswali matatu ambayo jibu lake ni "ndiyo": mmeamka? mnapenda watoto wenu? mnataka wale washibe? Mtu aliyesema "ndiyo" mara tatu, ya nne inatoka bila kubisha hodi. Usitaje bei mpaka ameshika kitu mkononi, kwa sababu kurudisha kitu mbele ya watu ni kama kukiri huna. Na usiseme na mama ikiwa mtoto wake yuko karibu. Sema na mtoto.

Halafu kulikuwa na Kioko. Kila soko linaogopa mteja wa kwanza. Watu wanataka kununua lakini hakuna anayetaka kuwa mjinga wa kwanza, kwa hivyo sisi tulisafiri na mjinga wetu. Kioko alikuwa na uso mpana wa kuaminika na koti la kijivu. Tukifika sokoni anashuka mbali, anazunguka kama mtu anayetafuta mbuzi wa kununua, na nikimaliza tu kusema anajisukuma mbele. "Nipe mbili! Hii ndiyo iliponya mgongo wa mke wangu!"

Ilifanya kazi mwaka mzima, mpaka siku moja Kivaa tulipokuwa tukiuza dawa ya kuchua. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye naye alikuwa akizunguka masoko kama sisi, alimshika Kioko koti.

"Wewe. Si Jumatatu ulinunua hii dawa kule Mwala? Mbili?"

"Ndiyo, mzee."

"Mgongo wa mke wako ni mrefu namna gani?"

Kioko hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Niko na wake wawili!"

"Na wa pili ameanza kuumwa saa ngapi, sasa hivi?"

Tuliondoka Kivaa na spika moja, nyingine ilianguka tukikimbia. Njiani Kioko alikuwa akisema polepole, "Ningesema watatu." Bwana Hamisi, tulipomweleza, hakucheka kama sisi.

"Mdomo wa kukodi unajulikana," akasema. "Sasa tutafute mdomo wa kuazima. Mtu ambaye pale kwao akisema mvua itanyesha, watu wanaanua nguo. Huyo akisema neno lako mara moja tu, hutahitaji kupiga kelele."

Maneno hayo niliyaweka. Na miaka ya elfu mbili ilipoingia, kampuni moja ya mbegu, sitaitaja na haipo tena, ikatuletea kazi. Ilikuwa mbegu ya mahindi kwenye mfuko mwekundu. Walitaka iuzwe Mwala yote kabla ya mvua ya Novemba, na walishagundua kwamba watu wa Mwala hawasikilizi wageni kuhusu shamba. Bwana Hamisi akanigeukia.

"Bwana mdogo, kwenu ni huko. Nani anaaminika?"

Sikuhitaji hata kufikiria. Na hapo, vijana, ndipo ningepaswa kufikiria.

Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Hivyo ndivyo nilivyomwita Syombua, dada mdogo wa mama yangu, ambaye alinilea mama alipofariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye majivuno kidogo kuhusu mambo mawili, kitambaa chake cha kanisani na mbegu zake. Jikoni kwake, juu ya moto, mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa kwa maganda yake mpaka yakawa meusi kwa moshi, wadudu wasiyaguse. Kunde na mbaazi zilikuwa kwenye vibuyu vilivyozibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Akichagua hindi la mbegu hakuchukua kubwa kuliko yote, hapana. Alichukua lililokauka kwanza shambani. "Hili linajua kukimbia jua," alikuwa akisema. Kabla ya mvua alifunga punje kumi kwenye kipande cha gunia lenye maji. Zikiota nane, sawa. Zikiota tano, alisema mwaka huu tupande mbili mbili shimoni.

Na mbegu hizo hazikuwa zake peke yake. Wanawake wa mwethya wake, lile kundi la kusaidiana kulima na kubeba mawe, walikuja kwake kila mwaka kabla ya Novemba. Aliyeishiwa alipimiwa. Mavuno yakija alirudisha kile alichochukua na kidogo juu, na mahindi yale yalirudi kuning'inia kwenye moshi. Hakuna aliyeandika kitu. Syombua akisema hii itaota, wanapanda.

Huo ndio mdomo nilioenda kuuazima.

Nilikwenda na redio ya kaseti ya kurekodia. Alifurahi kuniona, akachinja kuku. Nilipomweleza kwamba sauti yake itatoka kwenye gari, akaingia ndani akavaa kitambaa cha kanisani.

"Mwaitu, hawatakuona. Ni sauti tu."

"Sauti inatoka kichwani. Kichwa kitakaa uchi?"

Tukaketi nje. Nikamwambia maneno. Aseme kwamba ameipanda mbegu ya mfuko mwekundu, ameona, na ile ya zamani hatairudia.

"Lakini sijaipanda."

"Utaipanda, Mwaitu. Mvua ikinyesha tu itakuwa kweli."

"Wewe umeiona ikiota?"

"Nimeiona kwenye picha. Bua limempita mtu mzima."

"Bua haliliwi, mwanangu."

Tukacheka wote wawili. Halafu nikafanya lile nililofundishwa. Sikumwuzia mbegu. Nilimwambia kwamba tangazo hili likishika, wakubwa watanipeleka redioni. Hilo halikuwa uongo kabisa. Mtu mmoja wa kampuni alikuwa amesema, "Tutaona," na mimi nikasikia "ndiyo". Mwaitu alijua ile hadithi ya mbuzi. Yeye ndiye aliyekuwa akiniita kula nikiwa katikati ya taarifa ya habari. Nikamwambia, nikanyamaza, nikamwacha ajibu ndani ya tumbo lake.

Akakaza fundo la kitambaa chake. "Leta hiyo kitu nisemee."

Mara ya kwanza punda wa jirani alilia katikati, tukafuta. Mara ya pili alisema vizuri, macho amefunga kama mtu anayeomba. Alipomaliza akauliza kama ametamka sawasawa.

Kuna kitu kingine lazima niwaambie hapa. Nyuma ya ule mfuko mwekundu kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Kiingereza changu cha darasa la nane si kikubwa, lakini kilitosha. Mbegu ile haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mahali pengine, mahali pa mvua ndefu ya miezi minne mitano. Niliyasoma maandishi hayo nikiwa kwenye pikapu, nikaelekea kwa Mwaitu. Nikajiambia mvua ni ya Mungu.

Siku ya soko tulipocheza ile kaseti Mwala, sikusema neno. Niliuzima muziki, na sauti ya Mwaitu ikatoka juu ya gari. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kuona tena kimya cha namna hiyo. Watu hawakukimbilia gari. Walitazamana.

"Huyo si Syombua?"

"Ni yeye. Sikiza, ni yeye."

"Basi kama Syombua ameacha ile ya moshi..."

Mifuko ikaisha. Tukaleta mingine, nayo ikaisha. Bwana Hamisi alinipiga begani akaniita fundi, na mimi, niseme ukweli, nilijisikia kama niliyezaliwa siku hiyo.

Sikuwapo kuona yaliyofuata nyumbani, niliambiwa baadaye. Mwaka ule hakuna mwanamke aliyekwenda kwa Mwaitu kuchukua mbegu. Wengine walikuwa na akiba yao kidogo ya mbegu ya moshi, wakaipika isyo, ile pure ya mahindi na maharagwe, wakala, maana ya kuiweka ya nini tena? Na Mwaitu mwenyewe, ambaye angeweza kukaa kimya na kupanda yake ya zamani, alinunua mfuko mwekundu akapanda shamba lote. Alikuwa ameshasema amepanda. Hakutaka iwe uongo. Ile iliyokuwa juu ya moto aliishusha, maana aliona haya wageni kuikuta pale, akaipukuchua wakaila.

Mvua ilianza vizuri. Mahindi yalipanda juu, mabua manene, majani ya kijani kibichi, mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuyatazama. Yalikuwa kama kwenye picha. Halafu wiki ya kwanza ya Desemba mvua ikakatika, kama inavyokatika huko kwetu kila mara, wala hakuna mtu wa Mwala ambaye angeshangaa. Mbegu ya moshi wakati huo ingekuwa imeshaweka punje. Ya mfuko mwekundu ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Ikasimama hivyo, ndefu na nzuri, ikakauka bila hindi.

Februari nikatumwa tena Mwala. Mnajua kutangaza nini? Unga wa paketi.

Na nilitangaza. Ningependa kuwaambia kwamba niliteremka kwenye gari, lakini nilitangaza. Nikauliza maswali yangu matatu. Mnataka watoto wenu walale wameshiba? "Ndiyo," wakasema, na ile "ndiyo" haikuwa kama ya zamani. Ilikuwa ya watu wenye njaa kweli. Nikiwa bado nimeshika maiki akaja Mama Ndunge.

Mama Ndunge alikuwa wa mwethya wa Mwaitu, mwanamke mbishi ambaye hanunui hata kiberiti kabla ya kukitikisa. Alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakununua mfuko mwekundu. Akasimama palepale aliposimama mama wa punda miaka ile, lakini huyu hakutaka watu wacheke.

"Wewe mtoto wa Syombua. Umefikiria vizuri sana. Kwanza unamaliza mahindi, halafu unaleta unga."

"Mama Ndunge, mimi ni mfanyakazi tu..."

"Umeshaenda kumwona mama yako?"

Sikuwa nimekwenda.

Nilikwenda jioni hiyo kwa miguu. Mwaitu alikuwa akimkatia ng'ombe yale mabua. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama nimekula. Nikatafuta la kusema nikasema mabua ni mengi.

"Ng'ombe ameshukuru," akasema. "Ng'ombe ndiye peke yake."

Hakunigombeza. Ningependa zaidi angenigombeza. Alinieleza tu, huku panga likienda, kwamba wanawake bado wanakuja mwethya pamoja naye, wanabeba mawe pamoja, wanaimba pamoja. Lakini akisema neno, hata neno dogo kama "leo kutakuwa na joto," wanatazamana kwanza. Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza, kuliko njaa.

"Kesho kutwa tunajenga kizuizi cha mawe pale mtoni, kishike mchanga na maji," akasema. "Utakuja. Utasema wewe ilivyokuwa. Mimi nilishasema kwenye kaseti yako."

Nilikuja. Walikuwa wanawake kama ishirini, wanapokezana mawe mkono kwa mkono kuvuka mto mkavu. Walipopumzika Mwaitu akaniashiria. Nikasimama juu ya jiwe. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Akina mama, mmeamka salama?"

"Ndiyo."

"Mnafanya kazi ya kujenga nchi?"

"Ndiyo."

Ya tatu ilikuwa tayari kwenye ulimi. Mama Ndunge akainua mkono.

"Hiyo sauti ya gari iache barabarani. Lete ile ya nyumbani."

Vijana, niliitafuta. Nilisimama pale nikiitafuta sauti ya nyumbani na sikuiona. Niliposema hatimaye, ilitoka ndogo sana mpaka wa nyuma wakasema rudia. Nikarudia. Nilisema Mwaitu hakuwa ameipanda ile mbegu alipoisema. Nilisema mimi ndiye niliyemwambia aseme.

Mmoja akauliza, akiniuliza mimi, si Mwaitu: "Na yeye alijua ni uongo?"

Hapo ningeweza kumwokoa. Nilikuwa na jibu, lilikuwa zuri, lenye machozi: mama mzee asiyejua kusoma, kijana wa mjini amemdanganya. Wangeliamini. Nilifungua mdomo, na Mwaitu akasema kabla yangu.

"Nilijua sijaipanda. Nilimpenda huyu nikasema."

Akainama akachukua jiwe lake akampa aliyefuata. Kazi ikaendelea.

Na lile la nyuma ya mfuko sikulisema. Mama Ndunge aliniuliza, "Kuna lingine?" nikasema hakuna. Mwaitu alibeba yake yote mbele ya watu, na mimi nikaacha nusu ya yangu mfukoni. Sikulisema siku hiyo wala mwaka huo. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitoa. Kama mmoja wenu ana nyanya aliyekuwa kwenye mwethya ule, msomee hapa polepole: Syombua hakujua kwamba ile mbegu si ya mvua yetu. Aliyejua ni mimi, na niliyasoma maandishi yake kwa macho yangu kabla sijafika kwake.

Nilikaa kwenye gari mwaka mmoja zaidi. Si jambo la kujivunia. Nilimwambia Bwana Hamisi kwamba sauti inaniuma, akanitazama, akajua si sauti, akaniacha niende. Redioni sikufika. Nilirudi shambani.

Oktoba ya kwanza baada ya kurudi, nilimsindikiza Mwaitu kwa Mama Ndunge. Mbegu ya moshi ya kijiji sasa ilikuwa jikoni kwa Mama Ndunge, kwa sababu yake ndiyo iliyobaki. Mwaitu alibeba bakuli lake, kitambaa cha kanisani kichwani, akasimama mstarini nyuma ya wanawake ambao zamani walisimama nyumbani kwake. Mbele yetu Mama Ndunge alipima bila kusema neno: huyu, huyu, huyu. Kwenye mwethya ule mtu hakuwahi kuulizwa. Unapimiwa, unakwenda.

Alipofika Mwaitu, mkono wa Mama Ndunge ukasimama juu ya bakuli.

"Syombua, utarudisha?"

Wanawake wote walisikia. Nikafungua mdomo, maana mdomo huu umezoea kusema kwa niaba ya watu. Mwaitu akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha. Mimi ndiye nimeulizwa." Kisha akamtazama Mama Ndunge. "Nitarudisha."

Akapimiwa sawa na wengine, si pungufu. Tukaenda, tukapanda, mvua ikanyesha kidogo lakini ikatosha. Mwaitu alichagua mahindi yaliyokauka kwanza, akarudisha alichochukua na zaidi ya kidogo juu, mbele ya watu.

Oktoba iliyofuata tulirudi na bakuli. Akaulizwa tena.